Majivu ya Mama Rinting

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na tano. Hapana, nimekosea. Huo ndio ule mwaka wa moshi mkubwa wa misitu kuungua, tulipokuwa tukiwasha taa mchana, watoto wakikohoa kama wazee. Haya ninayoandika yalikuja miaka miwili baadaye, kwa hiyo ni kumi na saba. Moshi wenyewe ulikuwa umeshaondoka kisiwani Kalimantan, ila hofu yake ilibaki, na mtu aliyeonekana porini na kiberiti alitazamwa kama mwizi.

Pale Tumbang Rahai, kijiji cha Wadayak, wenyeji wa kisiwa hicho, kando ya mto, kila mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Ndiyo maana jina la Mama Rinting mwenyewe silijui, ingawa nimekula kwake mara nyingi. Alikuwa na pipa la gamba la mti pembeni mwa jiko, na ndani yake mbegu ya mpunga mwekundu wa nchi kavu aliyoachiwa na mama yake. Kijiji kizima hakuna mwingine aliyebaki nayo. Mbegu hiyo haingoji. Kila mwaka lazima iingie ardhini, ivunwe, irudi pipani ikiwa mpya. Na mwaka uliotangulia, kwa hofu ile ya moto, hakupanda.

Mwezi wa sita alihesabu punje kumi, akazifunga katika kitambaa kibichi, akakiweka karibu na jiko. Zikaota nane. Mwezi wa saba zikaota sita. Mwezi wa nane, nne. Hakumwambia mtu. Alikikamua kitambaa, akakificha chini ya sufuria kana kwamba ndicho chenye makosa, na tangu siku hiyo akawa anaanza kazi na kuiacha nusu.

Mpunga ule unataka majivu. Unafyeka kichaka kilichopumzika miaka minane au tisa, unakiacha kikauke, unasafisha njia pembeni ili moto usivuke, unachoma mara moja, unapanda. Kisha unakiacha kilale tena. Kichaka chao kilichoiva kilikuwa kimoja tu, ng'ambo ya kijito, na hicho kilikuwa ndani ya mpaka wa mradi wa hewa ukaa.

Kiliingiaje? Hapo Baba Rinting, mumewe, alikuwa hapendi kuulizwa. Watu wa mradi walipokuja kupima, walimwomba kila mwenye nyumba awaonyeshe ardhi yake. Sasa kule mtu mwenye kichaka kirefu hutembea kifua mbele, maana ni ushahidi kwamba hana pupa. Baba Rinting aliwapeleka mbio mbio. Akawaonyesha midurian ya babu yake, ile miti ya matunda yenye miiba, akawaambia watazame, miti imepita paa la kanisa. Wakatazama, wakaandika. Ramani iliporudi, pale pote palikuwa kijani: msitu, usiguswe miaka thelathini. Jirani yao, ambaye kichaka chake kilikuwa kimechakaa hata akaona aibu kukionyesha, ndiye aliyebaki na ruhusa ya kulima, ingawa udongo wake ulikuwa umechoka kabisa.

Makubaliano yenyewe yalikuwa hivi. Mbali huko kuna makampuni yanayochoma mafuta mchana na usiku. Yanalipia msitu usichomwe, halafu kwenye vitabu vyao moshi wao unahesabiwa kuwa umefutwa. Tumbang Rahai ikapata mashua ya injini ya kupeleka wagonjwa mjini, na mashua ile ilikuwa imeshaokoa mama wajawazito wawili. Hakuna aliyetaka kuipoteza, hata Mama Rinting.

Dehen, mdogo wa Baba Rinting, ndiye aliyekuwa mlinzi wa mradi. Alivaa shati lenye nembo, na simu yake ilipokea habari kutoka angani: mahali popote palipowaka moto, nukta nyekundu ilitokea. Jioni moja Mama Rinting alimwekea wali na samaki wa kuchachushwa, akangoja amalize tonge la tatu.

"Shemeji, hiyo nukta yako inaona moto wa ukubwa gani?"

Dehen akaacha kula. "Mkubwa kuliko wa jikoni."

"Kipande kama ukumbi huu je?"

"Shemeji, usinitafutie balaa. Nukta ikitokea kwetu, mashua inarudishwa. Mimi nitasema nini, kwamba aliyewasha ananipikia?"

"Sijasema nitawasha."

"Lakini hujasema hutawasha."

Baba Rinting aliinuka, akaenda kutazama mto uliokuwa hauna jipya.

Mama Rinting alikaa na neno moja tu: mkubwa kuliko wa jikoni. Kesho yake akatwaa kikapu cha henzerani, akaanza kupita nyumba kwa nyumba akikomba majivu ya mafiga. Watu walimcheka. Bibi mmoja alimwuliza, "Umekuwa kuku siku hizi, unataka kuoga majivu?" Akajibu kwamba kuku angalau hutaga. Lakini alipokwisha kuwaeleza habari ya kitambaa na punje nne, kicheko kilikatika, na wenye majiko ya gesi wakarudi kupikia kuni. Mumewe alibeba vikapu tu, alfajiri na jioni, hadi mabega yakachubuka.

Wiki tano walikusanya. Yalitosha kufunika kipande cha mchanga nyuma ya nyumba, kikubwa kama ukumbi wake na si zaidi.

Na mpunga kule haupandwi na mtu peke yake. Lazima uwaite watu: wanaume hutangulia kwa mstari wakitoboa ardhi kwa miti mirefu yenye ncha, wanawake hufuata wakidondosha mbegu. Akawaita kwa aibu. Walikuja thelathini, wakati mstari uliweza kuchukua wanaume wanne tu. Waliobaki walisimama ukingoni wakiwatania wale wanne wasimalize shamba kabla chai haijachemka. Naye Mama Rinting alicheka pamoja nao, huku akitia punje kumi kumi katika kila tundu badala ya tano.

Kisha mvua ikakataa. Siku ya kwanza, ya pili, ya nne. Alimwagia maji kwa ndoo, akafukuza ndege, akachimbua tundu moja kuchungulia, akalifukia haraka. Usiku Baba Rinting alimsikia akihesabu kwa kunong'ona.

Siku ya sita akaja mgeni wa mradi, mtu wa mojawapo ya hayo makampuni, pamoja na msichana wa kumtafsiria. Mtu mpole, mwenye kutoka jasho sana. Alisema amepanda ndege tatu kufika, lakini wasiwe na shaka, safari zake zote zinafidiwa na msitu wao. Alitaka kuona jinsi watu wanavyolima bila moto. Dehen, kwa kukosa pengine pa kumpeleka, akampeleka nyuma ya nyumba ya shemeji yake.

Mgeni akasimama akiutazama mchanga wa kijivu. Mama Rinting hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa amechuchumaa, kwa sababu karibu na kiatu cha mgeni palikuwa na kitu cha kijani, chembamba kama sindano. Halafu kingine. Akatambaa mstari mzima kwa magoti. Matundu mengi yalikuwa matupu, lakini si yote. Mavuno yake yasingetosha kuliwa. Yangekuwa mbegu ya kupanda tena mwakani, kama atapata majivu, kama miche itafika kuvunwa.

Mgeni akapiga makofi taratibu, akasema kwa kinywa cha msichana kwamba ni kazi nzuri sana, na kama ana swali lolote aulize.

Mama Rinting aliinuka akapangusa magoti. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. Msichana akatafsiri. Mgeni akatabasamu, akamtazama Dehen. Dehen akatazama simu yake. Baadaye mashua ikawachukua.

Tangu hapo nimezunguka miji mingi, na kila ninapokutana na mtu aliyesoma mambo haya, humwuliza swali lile lile kama alivyoliuliza mama yule:

"Shamba langu nikilichoma mara moja, nalipumzisha miaka tisa. Na ninyi huko, moshi wenu mnaupumzisha lini?"