Picha ya Mama kwenye Kompyuta ya Jirani

Juzi mwanangu wa darasa la tano alirudi na kazi ya nyumbani: eleza namna kompyuta inavyohifadhi na kupanga data. Nilikuwa uani nachambua dagaa. Akasoma swali kwa sauti, akabaki ananitazama kana kwamba nimeulizwa mimi. Nikamwambia aandike kwamba kompyuta ina kumbukumbu mbili, ya muda na ya kudumu, na kwamba kila faili lina jina lake na mahali pake. Akashangaa nimeyajulia wapi, mimi ambaye humwita yeye kila simu inaponigomea. Nikarudi kwenye dagaa wangu. Wewe nitakueleza, maana wewe huna daftari la kukusanywa kesho asubuhi.

Tulikuwa tunaishi Kirumba, juu kwenye mawe, mahali ambapo ukimwaga maji ya vyombo yanamfikia jirani wa chini kabla hujageuka. Alfajiri korongo walikuwa wakitembea juu ya bati kama mafundi waliolipwa kutuamsha. Harufu ya dagaa ilipanda kutoka soko la samaki la Mwaloni ikakaa kwenye nguo, kwenye mito, hata kwenye madaftari, na siku ya mechi kelele za uwanjani zilitufanya tujue nani kafunga bila redio. Bibi alitupikia michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga. Kazi yangu ilikuwa kuteremka bombani na kupanda na ndoo kichwani, na nilinung'unika njia nzima, kupanda na kushuka.

Bibi alikuwa na mpangilio wake. Ndani ya ndoo kubwa kulikuwa na ndoo ndogo, ndani ya ndogo kuna kopo, na ndani ya kopo kuna mbegu, au sindano, au chumvi ya akiba. Hakuna kilichoandikwa jina. Vyote vilikuwa kichwani mwake, na akisafiri kwenda Misungwi kuangalia shamba, sisi tulikula mboga bila chumvi huku chumvi ipo.

Mama alifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki. Aliugua muda mfupi tu, akafariki nikiwa darasa la tatu. Nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja. Alikuwa mtu wa kuwapanga wenzake wakae vizuri, picha ikianza kupigwa yeye yuko jikoni. Alipiga moja tu, ile ya kitambulisho cha kazi. Nakala zote zilipelekwa kiwandani, na kitambulisho chenyewe walikichukua baada ya msiba.

Bibi hakuwa na wasiwasi. Jirani yetu mpiga picha, aliyeipiga picha ile, alikuwa na duka barabarani, lenye kamera, pazia la buluu la kukaa mbele yake, na kompyuta moja kubwa iliyofunikwa kitambaa kama redio ya bwana harusi. Kila mteja alimwambia maneno yaleyale: picha yako imo humu, hata ukirudi baada ya miaka utaikuta. Tulimwamini mtaa mzima. Nikitoka shule nilisimama nje ya duka, nikaitazama ile kompyuta, najua mama yumo. Sikuwahi kuomba nionyeshwe. Nilisema shikamoo kimoyomoyo, nikaendelea na safari.

Mwaka uliofuata shule yetu ilipata kompyuta moja kuukuu, na mwalimu mmoja kijana aliyekuwa anajua kuitumia. Darasa zima tulijazana nyuma ya kiti chake, wa mbele wanaona, wa nyuma wanasimuliwa. Siku moja umeme ulikatika akiwa ameandika majina yetu karibu wote, na majina yakapotea. Sisi tukasikitika, yeye akafurahi, kwa sababu alikuwa amepata somo. Akasema juu ya meza ndipo kompyuta inapofanyia kazi, na kabatini ndipo inapotunza. Umeme ukiondoka, meza inafagiliwa. Kilichokwisha kuwekwa kabatini hubaki. Ndani ya kabati kuna folda, ndani ya folda kuna folda nyingine au mafaili, na kompyuta ina orodha yake inayoiambia kila faili limelala wapi. Mimi nilielewa haraka kuliko wote. Niliona ndoo za bibi, na nilifurahi sana kwamba mama yuko kabatini na wala hayuko mezani.

Ikafika misa ya kumbukumbu ya mwaka. Bibi alitaka picha kubwa ya kuweka kanisani na baadaye ukutani. Tulishuka pamoja, yeye amevaa kitenge chake cha sikukuu. Mpiga picha alitupokea vizuri, akafunua kompyuta, akafungua folda ya mtaa wetu, akabonyeza faili lililoandikwa Mama Neema.

Akatokea mwanamke mwingine.

Neema ndiye mimi, mtoto wa kwanza, na kwetu mama hubeba jina la mtoto wake wa kwanza. Hakuna aliyemwita mama yangu kwa jina lake la ubatizo, hata bibi. Lakini mtaani hapohapo, karibu na uwanja wa mpira, alikuwepo mkaanga samaki ambaye naye mwanawe mkubwa aliitwa Neema. Alikuja kupiga picha miezi michache baada ya msiba. Mpiga picha akalihifadhi faili kwa jina alilomjua nalo. Kompyuta ilimuuliza, kwa Kiingereza, kama aweke jipya mahali pa lile la zamani lenye jina hilohilo, kwa sababu folda moja haikubali mafaili mawili yenye jina moja. Yeye akadhani anaulizwa kama ahifadhi. Akakubali, kama alivyokubali kila siku.

Alitafuta mpaka jasho likamtoka. Kwenye kamera alishafuta zamani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo liliniuma zaidi, maana sikuwa na wa kumkasirikia.

Nilimkimbilia mwalimu. Jumamosi akaja dukani, akamwamkia bibi, akaketi. Alinieleza huku akifanya kazi: faili likifutwa, mara nyingi kinachoondoka ni anwani yake kwenye orodha, chenyewe bado kimelala pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Nilishika kiti chake kwa mikono miwili. Sijawahi kuomba kitu kama nilivyoomba siku ile.

Lakini kwa miezi yote ile watu walikuwa wameoa, wamebatizwa, wamepata vitambulisho, na picha zao zilikuwa zimejaa pale mama alipokuwa amelala. Programu aliyokuja nayo mwalimu, ya kutafuta yaliyofutwa, ilizunguka hadi mchana, ikaleta kipande kimoja cha picha iliyovunjika. Kilikuwa kipande cha pazia la buluu. Pazia lile lilikuwa nyuma ya kila mtu wa Kirumba.

Bibi alikitazama, akauliza, "Kama humu hayumo, ameenda wapi?"

"Hajaenda popote, bibi," mwalimu akasema taratibu. "Wengine wameandikwa pale alipokuwa."

Bibi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Tulipanda mawe kurudi nyumbani, na misa ilisomwa bila picha.

Yule Mama Neema mwingine alipopata habari alikuja kwetu na samaki kwenye beseni, akalia kuliko sisi, akaomba msamaha kwa kosa ambalo halikuwa lake. Tangu siku ile nikipita kwake kutoka shule aliniita mwanangu, akaninyooshea kipande cha sato cha moto kwenye karatasi, akaniangalia nikila mpaka nimalize. Alifanya hivyo miaka mingi. Nilimpenda, na bado nampenda.

Bibi ameondoka, duka limekuwa la vifaa vya simu, na mpiga picha sijui alihamia wapi. Mama ninamkumbuka vizuri, au niseme ninamkumbuka kwa vipande. Nakumbuka vidole vyake vilivyokauka kwa barafu ya kiwandani. Nakumbuka namna alivyoliita jina langu akiwa amechoka. Kikifika kipande cha uso, sipati. Nikifumba macho nimtafute, anakuja yule mkaanga samaki, amekaa vizuri, anatabasamu kwa upole wake wote. Namwambia apishe. Hapishi, kwa sababu hajui kama yuko mahali pa mtu.