Jina la Mwisho kwenye Karatasi ya Marehemu

Novemba ikikaribia, mimi huanza kuchoka kabla ya kazi yenyewe. Katika kanisa letu kila nyumba huandika majina ya marehemu wake kwenye karatasi, karatasi inatiwa ndani ya sanduku mbele ya altare, na mwezi mzima padri anawaombea wote kwa pamoja bila kufungua hata moja. Mwandishi wa nyumba yetu ni mimi. Macho ya Mama yamefifia, na ndugu zangu wengine wako mbali na hawakosi sababu nzuri za kutokuja.

Mama hunitajia majina akifuata makaburi. Sisi huzika nyumbani, kwa hiyo anaketi barazani, ananyoosha mkono kuelekea shamba la miwa, anaanzia upande wa babu na kumalizia kwa Baba, mwenye kaburi la saruji karibu na jikoni. Nikikosea mpangilio, ananirudisha mwanzo.

"Huyo haandikwangi mbele ya mamake," aliniambia mwaka mmoja. "Watu watasema hatuna adabu."

Watu gani, sikuuliza. Sanduku lenyewe lilikuwa halifunguliwi.

Ndugu yangu mdogo, kitinda mimba wetu, hakuwa akitajwa. Miaka kumi iliyopita alitoka nyumbani kwenda kutafuta kazi ya kukata miwa upande wa Butali, akakaa msimu mmoja, akapiga simu kusema anaenda mbele zaidi. Baada ya hapo simu haikupatikana tena. Mama humwombea kila jioni kwenye rozari, pamoja na wasafiri. Lakini aliyemtafuta ni mimi. Nilizunguka vituo vya polisi, kisha vyumba vya maiti, nikifunuliwa nyuso za watoto wa watu. Katika chumba cha tatu nilimwambia mhudumu asifunue tena, nikatoka nje nikaketi chini. Tangu siku hiyo nilitaka kumweka mahali, popote pale, ili niache kushtuka kila nikiona mgongo wa mwanamume mrefu sokoni.

Basi mwaka juzi, Mama alipofika kwa Baba na kunyamaza, niliongeza jina moja chini, nikakunja karatasi. Niliona aibu. Pia, niseme ukweli, nilipata nafuu, nikalala vizuri wiki nzima. Mwaka jana niliandika tena, na mwaka huu pia, sasa bila hata mkono kusita.

Mwaka huu tuna padri mpya, na padri mpya lazima abadilishe kitu. Kwenye Misa ya Marehemu Wote alitangaza kwamba sanduku halitakaa limefungwa tena. Majina yangesomwa kwa sauti, nyumba baada ya nyumba, ili tuwajue tunaowaombea. Katekista alikuwa ameshasimama na karatasi zetu mkononi. Ningeweza kwenda mbele nikamnong'oneze, watu wangedhani ninaenda kurekebisha tahajia. Nilikaa tu karibu na Mama, nikihesabu nyumba zilizobaki kabla ya yetu.

Zamu yetu ilipofika, Mama alinyoosha mgongo. Alifuata kila jina kwa midomo, akitikisa kichwa polepole, na nilijua anapita kaburi baada ya kaburi. Baba aliposomwa alishusha pumzi na kuanza kurudisha rozari mfukoni. Katekista akasoma jina moja zaidi.

Mkono wa Mama ulibaki mfukoni. Kanisa zima liliitikia, likimwombea ndugu yangu raha ya milele.

Baada ya Misa Mama alisalimia watu kama kawaida, hata mwanamke mmoja aliyemshika mabega na kumpa pole. Alipokea hiyo pole. Tulipofika kwenye njia ya kupitia mashambani, tukiwa wawili tu, amenishika mkono, ndipo aliponiuliza.

"Mwili wake umeonekana?"

"La, Mama."

"Kuna mtu amekuambia kitu?"

"Hapana."

"Unamwandikanga tangu lini?"

"Huu ni mwaka wa tatu."

"Mimi naombanga arudi, na wewe unaombanga apumzike. Sasa Mungu afuate ya nani?"

"Nilichoka, Mama," nilisema. Sikuwa na utetezi mwingine, na huo wenyewe ulinitoka kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. "Nimechoka kumtafuta. Nimechoka kumngoja."

Aliuachilia mkono wangu, akatembea hatua chache peke yake, jambo asilofanya tena siku hizi. Njia ina mashimo na nilimwogopea, lakini sikuthubutu kumgusa. Kisha akasimama, akanyoosha mkono pembeni bila kugeuka, akingoja nimshike. Nilimshika.

"Hata mimi nachokanga," alisema. "Lakini usimzike peke yako. Siku ukiona umeshindwa kabisa, uniite, tumzike wawili."