Udongo Usioonyesha Mstari

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa bi harusi wa miezi miwili huku ufukweni kwa Wakisi, najiona msomi kuliko wote kwa kidato changu cha nne. Nilitoka Ndandalo, kwenye mpunga. Tope nililolijua ni la kupandia tu.

Mama yangu alikuwa ameagiza vyungu sita vya kupikia kipaimara cha mdogo wangu, akawatangazia ndugu wote kwamba nitavifinyanga mwenyewe. Mama mkwe, mfinyanzi, akanionyesha marundo mawili ya udongo, moja jeusi, moja jekundu. Akasema, "Changanya," akaenda zake kuanika dagaa.

Neno la darasa la kwanza! Nikamwaga maji, nikakoroga kwa mwiko kama uji wa mgonjwa, nikarudi kujifungia ndani. Kukaa ndani ndicho kipaji changu, hata leo. Nikafinyanga, vikakauka, tukachoma. Vitano vikapasuka, na kila ufa ulifuata pale wekundu ulipokutana na weusi.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mimi niliona ni mwisho wa ndoa. Zilibaki wiki mbili tu kipaimara kifike. Mama mkwe hakunigombeza. Alikata kwa uzi bonge lililobaki, akanionyesha michirizi ndani yake.

"Umeukutanisha tu, mama, hujauchanganya. Mweusi na mwekundu wanasalimiana, kama wewe na sisi."

Hilo la mwisho liliniingia. Kesho yake nilitoka chumbani, nikaukanyaga udongo upya kwa miguu, na mawifi zangu wakaingia humo humo, wakiicheka lafudhi yangu ya Kinyakyusa nami nikiicheka yao ya Kikisi. Tukikata, mstari upo; tunarudia. Siku ya tatu uzi ulipita, mstari haupo.

Vyungu sita vilitoka motoni vizima. Kule Ndandalo mama yangu alivigonga kimoja kimoja kwa kucha, vikalia kama kengele ya kanisa. "Ndaga fijo," akashukuru, tena akimshukuru mama mkwe, si mimi, kwani hakuweza kuitenga kazi yangu na yake. Sijawahi kusifiwa vizuri namna ile.

Siku hizi gari likishika kasi mnasema limechanganya, na mtu akivurugwa amechanganyikiwa. Sawa, lugha ni yenu. Lakini ukiambiwa akili za kuambiwa uchanganye na zako, mwanangu, weka mwiko chini. Kanyaga mpaka usijue tena ipi yako, ipi ya mwenzio. Na ukiingia kwa watu, ingia kwa miguu yote miwili.

Mungu akupe wa kukanyaga nao, na moto ukija ukukute huna mstari.