Sauti Iliyoniita Kutoka kwenye Utepe

Mama alikufa siku ya Jumatatu, kabla hatujamaliza kuvuna mpunga, na kwa miaka mingi niliamini kwamba alikufa badala yangu.

Alasiri moja, kwetu Wamaza, padri alileta mashine ya kunasa nyimbo za kutwanga. Mimi nilikuwa nimekwenda kisimani bila mama kujua. Niliporudi, uwanja ulinuka mihogo iliyoloweshwa na vumbi lililoungua kwa joto la mashine, nayo ilikuwa inaimba kwa sauti ya mama, hali mama mwenyewe amesimama kimya. Ghafla ikaniita: "Feza!" Kisha mvumo kama wa mvua ukameza maneno yaliyofuata.

Mama aliniziba mdomo. Kwetu, sauti isiyoonekana mwenyewe haiitikiwi, kwa maana anayeitika huondoka nayo.

"Mwache mutoto," aliiambia mashine. "Ni miye niko hapa."

Wanawake waliokuja kutwanga walicheka. "Wee mama Feza, unajiitikia mwenyewe!"

Mimi sikucheka. Miezi miwili baadaye tulimzika.

Juzi mtoto wa mdogo wangu, fundi wa redio hapa Kasongo, alipewa na misheni utepe wa mashine ile, akausafisha kwa kompyuta. Sasa najua kwamba mle mlikuwa na sumaku tu. Hata hivyo, alipoufungulia, mkono wangu ulikwenda wenyewe mdomoni.

"Nimeondoa ule mvumo, mama mukubwa. Sikiliza."

"Feza!"

Niliushusha mkono. "Naam, mama."

"Feza, fukuza mbuzi, wanamaliza mihogo!"