Mkono Uliodhaniwa Meza

Chuo kikuu binti huyu alikaa mwaka mmoja na miezi minne, akakiacha salama salimini, bila ugomvi na mtu, kama abiria anayeshuka kwenye basi baada ya kugundua haliendi anakokwenda. Kaka yake hakulisahau hilo. Mpaka leo akimtambulisha kwa watu humwita Mhandisi Nusu, kisha anacheka peke yake.

Mhandisi Nusu anachapisha mabango kwenye duka lililo mitaa miwili kutoka nyumbani, na nyumbani anaishi na baba yake. Mzee alikuwa kinyozi kwa miaka thelathini na nane. Wateja walimwita Mkono Laini, na kuna wanaume wazima, wenye vyeo vyao, waliokoroma kwenye kiti chake wembe ukiwa kooni. Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Siku alipomchana sikio mwalimu mkuu mmoja alifunga saluni jioni ile ile, akawaambia wanawe kwamba yule bwana alikuwa na masikio mengi kupita kiasi. Hakuligusa tena sanduku lake la vifaa.

Simu nayo ikawa mtihani. Akitaka kumpigia binti yake, kidole kinacheza, anaangukia kwa fundi bomba aliyehama mji zamani. Walizoeana, wakawa wanajuliana hali. Lakini siku unapotaka kuinuliwa kitandani, fundi bomba wa mji mwingine hakusaidii kitu.

Ndipo binti akamtengenezea baba yake programu ya simu isiyohitaji kubonyezwa, inayosikiliza mwendo wa mkono tu. Akaiita Tingisha. Itingishe mara mbili, simu ya binti inaita dukani. Ilaze kifudifudi, redio inanyamaza. Iinamishe kulia, inakutajia saa kwa sauti ya binti mwenyewe, ambayo mzee anasema ni ya mtu anayetaka kukukatiza foleni. Binti akaiweka mtandaoni bure, na watu mia nne na ushee wakaichukua, wengi wao wazee. Wachache wenye mikono imara waliijaribu siku moja, wakaiacha na matusi. Mmoja aliandika, "Mpaka nitetemeke kama mwenye homa ndiyo inanisikia." Mhandisi Nusu alimjibu kwa adabu zote: "Jaribu kuishika vizuri."

Programu ya simu haitofautiani na mtoto mchanga. Usiku mmoja tu mwenye simu amelala, mfumo wa simu unajibadilisha wenyewe, na asubuhi kila kitu ulichokijenga juu yake kinalia. Jumatatu ile mfumo ulibadilika. Binti akakaa na Tingisha siku nzima, akarekebisha hapa na pale, akatoa toleo jipya. Akalijaribu kama anavyolijaribu siku zote, kwa kuitikisa simu kama chupa ya dawa ya kifua. Ikaita. Akaridhika, akamwekea baba yake.

Jumatano asubuhi kaka mtu alipita kusalimia, akamkuta mzee amekaa sakafuni kando ya kitanda, mgongo ukutani, simu mkononi. Aliteleza akivaa viatu. Hakuumia, ila kunyanyuka kulimshinda. Alikuwa pale kwa zaidi ya saa nzima.

"Nimeitingisha mpaka nimeanza kuionea huruma," mzee alisema.

Kaka ni meneja wa bima, mtu anayeona ajali hata kwenye mto wa kulalia. Alimwinua baba yake, akamkalisha, kisha akampigia dada yake. "Jumamosi nakuja na gari. Baba anahamia kwangu."

"Kaka, nipe siku mbili nirekebishe."

"Mtu hakai sakafuni akisubiri toleo jipya, Mhandisi Nusu."

Kwa kaka kulikuwa kuzuri. Chumba kina bafu lake, mke wa kaka ni mpole. Lakini geti linafungwa mchana kutwa, na mzee kila asubuhi hukaa kibarazani kwake kukagua vichwa vya wapita njia na kulaani kazi za vinyozi wa siku hizi. Alipoambiwa habari ya Jumamosi hakubisha. Alisema tu, "Sawa," akaomba redio ipunguzwe. Binti aliisikia ile "sawa" siku mbili mfululizo.

Alhamisi aliomba ruhusa kazini. Akapitia alichobadilisha, mstari kwa mstari, akarudisha toleo la zamani. Hola. Ijumaa asubuhi aliunganisha simu ya baba yake na kompyuta kwa waya mrefu, wakakaa mezani, mzee na chai yake, yeye na macho kwenye kioo, aone Tingisha inawaza nini.

Tingisha ikaandika: IPO MEZANI.

"Baba, ishike simu."

"Nimeishika."

IPO MEZANI.

"Usiiweke chini, Baba."

"Sijaiweka."

"Basi itingishe kidogo."

Akaitingisha. Tingisha ikaandika: LORI LIMEPITA. IPO MEZANI.

"Baba, nakuomba, ishike vizuri."

"Nimeishika, mama. Unataka niibusu?"

Akageuka kumwangalia. Miaka mitatu alikuwa anautazama mkono ule kwa tarakimu tu. Alijua unavyocheza kuliko daktari yeyote, na hakumbuki lini aliuangalia kwa macho. Mkono wa baba yake ulikuwa hewani, umeishika simu, umetulia tuli. Mkono wa pili ulikuwa na kikombe. Kikombe kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni. Mzee huyu alikuwa anamiminiwa nusu kikombe tangu afunge saluni.

"Chai umejimiminia mwenyewe?"

"Wewe ulikuwa unaongea na kompyuta."

Ni vidonge vipya. Kliniki walimbadilishia dawa Jumatatu hiyo hiyo, wakasema huenda zikachukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu, na binti akazisahau kwa kuwa mfumo wa simu ulikuwa unamlilia.

Kosa lilikuwa la miaka mitatu. Tingisha ilipokuwa changa ilikula chaji kama moto wa mabua, ndipo akaifundisha ilale kila simu ikiwa mezani, na ipuuze meza ikitikiswa na malori. Ili ijue mezani ni wapi na mkononi ni wapi, alipima mkono aliokuwa nao karibu, wa baba yake. Kwa Tingisha, mkono wa binadamu ni ule unaotetemeka. Kilichotulia ni fanicha, labda kitikiswe kwa nguvu kama chupa ya dawa, na ndivyo alivyokuwa akiijaribu yeye. Yule bwana wa homa alikuwa na haki yake, na aliandikiwa barua ya kuombwa radhi siku hiyo hiyo.

Halafu binti akauchukua ule mkono, akaufunika kwa viganja vyake viwili. Mzee akamwacha.

"Imeharibika sana?" aliuliza, akimaanisha simu.

"Hapana, Baba. Imeharibika vizuri."

Kufika saa nane mchana dawa iliishiwa nguvu, mkono ukaanza kucheza tena, na binti akapima upya, asubuhi kivyake na alasiri kivyake. Tingisha ikafundishwa mikono miwili ya mtu mmoja.

Jumamosi kaka alikuja na gari, amevaa uso wa kuhamisha watu. Alimkuta baba yake amesimama kibarazani, taulo begani, sanduku la vifaa wazi.

"Kaa," mzee akamwambia. "Hizo ndevu nimezivumilia miaka sita."

"Baba, mizigo kwanza."

"Kaa."

Meneja wa bima akamtazama dada yake, akautazama wembe, akafikiria mambo yote ambayo watu wa bima hufikiria. Kisha akakaa, akafumba macho. Wembe ulishuka shavu la kulia kwa mkupuo mmoja, taratibu, kama zamani. Ukapita kidevuni. Baada ya muda pumzi ya kaka ikawa nzito, kichwa kikalegea kwenye kiganja cha baba yake.

Walichelewa kuanza, saa nane ilikuwa inakaribia, na shavu la kushoto lilikuwa halijaguswa mzee alipoona kidole gumba kinacheza. Akaufunga wembe. Akaitoa simu mfukoni, akaitingisha mara mbili, na ndani simu ya binti yake ikaita.

"Leta vidonge," mzee alimwambia binti alipotoka nje, kwa sauti ya chini, asimwamshe mteja. "Na umwambie akiamka, asiende popote mpaka nimalize."