Zamu ya Namba Nne

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na vitu vya nje vikaanza kuingia, zahanati za misheni kuzunguka Songea zilipata kila moja simu yake ya upepo, na zote zikagombania mawimbi yale yale. Asumpta, mwendeshaji wa simu kuu pale Mjimwema, akawa anashinda na makelele: huyu anaomba dawa, yule anaulizia mbolea, hakuna anayemsikia mwenzake. Penye wengi pana mengi, lakini haya yalizidi.

Akapanga zamu. Wenye wagonjwa kwanza, wa mbolea baadaye, na asiyeitwa asibonyeze kitufe. Mpango safi kabisa! Ajabu, betri zikawa zinakwisha kabla nusu ya vituo havijasema neno. Nani anaula muda? Akatega sikio siku nzima, kumbe ni salamu. Mmeamkaje, mama ameamkaje, mahindi yameamkaje. Mngoni hatangulizi shida mbele ya salamu.

Basi akazipiga marufuku, na badala ya majina akagawa namba. Mambo yakaenda chapuchapu, hata wa mbolea wakapata nafasi. Asumpta akajiona bingwa.

Ila namba nne hakujibu. Huyo alikuwa mzee Pankrasi, katekista aliyeshika simu ya zahanati ya kijijini kwao Asumpta, ambako dada yake Devota alikuwa anakaribia kujifungua. Gari la misheni lilikuwa tayari. Lilisubiri neno la Pankrasi tu.

"Namba nne, leta habari." Kimya. "Namba nne!" Kimya. Waya umeanguka? Betri imekufa? Mbona Beda wa kituo jirani anasema jana tu alizungumza na mzee vizuri? Asumpta hakuelewa kitu. Hofu ikamshika mpaka akasahau sheria yake mwenyewe.

"Baba Pankrasi, shikamoo! Upo?"

"Marahaba, mwanangu," sauti ikajibu papo hapo. "Nipo tangu asubuhi, nangoja zamu yangu. Devota uchungu umemshika toka jana, damu inamtoka. Leteni gari."

Gari likaenda mbio. Devota alipona, mtoto hakuishi.

Msibani Asumpta alimfuata mzee huku analia, mwenyewe hajui kama ni hasira au aibu. "Baba, nilikuita na kukuita. Kwa nini hukujibu?"

Pankrasi akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Namba nilijua ni ya mashine, mwanangu. Mimi hukunisalimia. Ningejuaje kama unasema na mimi?"