Glasi ya Tatu pale Kawangware

Mzungu alisimama na glasi ya soda mkononi, akanyamaza, na mwalimu wetu wa Kirusi akaanza kutetemeka mbele ya darasa lote.

Wengine walidhani ni malaria.

Mimi nilijua maana ya kile kimya. Na ndugu yangu alikuwa anapanda ndege Jumatatu.

Wacha nianze vizuri, maana nikikimbia mtasema nimetunga.

Naitwa Nasambu. Nakaa Kianda, Kibera, na kazi yangu ni kusuka nywele. Ndugu yangu mdogo anaitwa Wabwire, fundi wa kuchomelea mageti. Tunaishi keja ya chumba kimoja, tumeigawa na pazia. Ni mdogo kwa miaka tu, kwa mwili anajaza mlango.

Mwaka jana kulikuwa na jamaa wa Kawangware anaitwa Mbuthia. Ana ploti, ana mdomo mtamu. Alikuwa anapeleka vijana Urusi kupakia mizigo kwa stoo. Unakula kwao, unalala kwao. Sharti lake ni moja, ujue Kirusi kidogo usije ukaaibisha Kenya.

Wabwire akaingia box mzima mzima, akaamini kila neno.

"Siz, twende wote," akaniambia. "Wewe unashika vitu haraka. Mimi hata Kiingereza tuliachana vibaya."

Nikaenda. Kundi la wanawake lilikuwa lifuate baadaye, kusafisha hoteli. Siwezi kuwadanganya, hata mimi nilitaka kutoka.

Darasa lilikuwa chumba cha mabati nyuma ya ploti ya Mbuthia. Mwalimu alikuwa mzee wa Kijaluo, Osewe, aliyesomea Urusi enzi za ujana wake, mji unaitwa Voronezh. Alirudi na digrii ya mambo ya kilimo na hakuwahi kuajiriwa nayo hata siku moja. Lakini Kirusi hakikumtoka.

"Lugha haikai ubaoni," alituambia siku ya kwanza. "Inakaa nyumbani kwa watu. Kwa hivyo mkiingia hapa mmeingia kwa Mrusi. Toeni viatu."

Tukatoa, tukaviacha nje mlangoni.

Sasa, hii ni Kawangware. Tulipotoka, viatu vya Wabwire vilikuwa vimeshaenda. Alitembea mpaka Kibera na slippers za mwalimu, akiitukana Urusi njia nzima.

Baada ya hapo viatu tukawa tunaviingiza ndani, tunavipanga kando ya mlango. Mwalimu akasema hata hivyo ndivyo wanavyofanya, alisahau tu kutuambia. Tulicheka sana.

Mzee alifundisha kila kitu kwa kuishi. Ukimpa mkono ukiwa nje na yeye yuko ndani, anakataa. Anakuvuta ndani kwanza, kwa sababu Mrusi hasalimiani juu ya kizingiti. Ukipiga mluzi ndani ya nyumba, anakunyamazisha. Chai tulikunywa kwa glasi, na jamu ya kulamba kando. Maneno yakawa yanaingia yenyewe, kikombe, mlango, keti, umeshiba?

Kilichotushinda ni kutocheka na watu.

"Mwalimu," Wabwire akauliza, "mtu akikupita bila hata niaje, hayo si madharau?"

"Kule ukimchekea mtu usiyemjua, anajiuliza unataka nini kwake."

"Hata hapa Kawangware ni hivyo," msichana mmoja akasema nyuma. "Ukichekewa sana shika simu."

Mimi nilipenda lile darasa kuliko nilivyotegemea. Nikisuka mteja nilikuwa nanong'ona Kirusi kichwani kwake, mpaka mmoja akaniuliza kama namloga.

Siku moja akatufundisha kunyanyua glasi, kwa chai tu.

"Ya kwanza ni ya kukutana. Ya pili ni ya wazazi. Ya tatu, nyumbani kwa watu wa kawaida, ni ya mapenzi." Wavulana wakapiga makofi. Mzee hakucheka. "Lakini ukikaa na watu waliotoka vitani, ya tatu haina maneno. Wanasimama, hawagonganishi glasi, wananyamaza. Ni ya wenzao waliokufa. Nilikaa chumba kimoja na kijana aliyetoka vitani Afghanistan. Hakuwahi kuiruka hiyo glasi, hata kama ni maji."



Mwana wa mwalimu, Dancan, alikuwa kwenye kundi la kwanza la Mbuthia. Mzee alikuwa akitusomea meseji zake ili atutie moyo. Sauti hatukuwahi kusikia. Mbuthia alisema network ya huko ni mbovu.

"'Baba niko poa, kazi ni nzuri,'" mzee akasoma siku moja. Kisha akaishika simu muda mrefu. "Huyu kijana hajawahi kuniita Baba. Huniita mzee, mzee, tangu shule ya msingi. Urusi imemfunza heshima."

Watu wakacheka. Mimi nilimwangalia macho yake, hayakuwa yanacheka.

Halafu Mbuthia akaanza kuingilia masomo.

"Mwalimu, achana na jamu," alisema akisimama katikati ya chumba na viatu vyake vya matope. "Wafundishe lala chini. Kimbia. Kushoto. Kulia. Nimeumia."

"Stoo gani hiyo watu wanalala chini?" mzee akamuuliza.

"Usalama kazini, mwalimu. Wazungu wako strict."

Tukafundishwa. Chumba kizima tukawa tunaimba "nimeumia" kwa Kirusi kama wimbo wa Sunday school. Nilimwambia Wabwire njiani kwamba roho yangu haijatulia.

"Siz, kanisa limeshaniombea," akasema. "Pasta ameniwekea mikono mbele ya watu. Mama huko Bungoma ameshaambia kijiji kizima. Unataka niamke Jumanne nikiwa bado Kianda?"

Yeyote aliyewahi kuagwa anajua ile aibu ya kubaki.

Basi ikafika ile Jumamosi ya kuwaaga wavulana. Mchana kweupe, pilau, kreti za soda, muziki. Mbuthia akatuletea mgeni, Mrusi mwenyewe, Gennadi. "Huyu ndiye manager wa stoo," akasema.

Alikuwa anachechemea, na mkono wa kushoto ulikosa vidole viwili. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nilipomnyooshea mkono nikiwa ndani, alitikisa kichwa, akaingia kwanza, ndipo akanisalimia. Nilifurahi kama mtoto. Kila kitu mzee alichotufundisha kilikuwa kweli.

Glasi ya kwanza akanyanyua ya kukutana. Ya pili, wazazi. Alikuwa na kichupa chake ndani ya koti na anajiongezea kwa soda.

Ya tatu, akasimama.

Watu wakaona mgeni amesimama, nao wakasimama. Wabwire akanyoosha glasi yake agonge. Gennadi akaivuta yake pembeni, akaishika kifuani, akainamisha kichwa.

Kimya kikatanda. Muziki ukazimwa. Wavulana wakainamisha vichwa pia, wengine wakafumba macho. Sisi ni watu wa kanisa, mtu mzima akinyamaza hivyo mbele ya chakula tunajua anaomba.

Gennadi akanywa yote kwa mara moja.

"Amina," wavulana wakasema.

Hapo ndipo mwalimu akaanza kutetemeka, soda ikamwagika mpaka kwa shati.

Manager wa stoo gani huyu? Nikamsogelea Gennadi, nikamuuliza kwa Kirusi changu cha kuunga unga, "Unamkumbuka nani?"

Akashtuka kwamba najua. Macho yake yakalainika. Akanijibu polepole, kama mtu anayeongea na wa nyumbani.

"Vijana wangu. Muli, yule mrefu aliyekuwa anaimba. Na Dancan."

"Dancan gani?" Ilikuwa sauti ya mwalimu, nyuma yangu.

"Dancan wenu. Mwenye pengo la meno, hapa mbele."

Mzee akatoa simu. "Ameniandikia leo asubuhi. Ona. Leo asubuhi."

Gennadi akaiangalia ile simu, akamwangalia mzee, na nadhani hapo ndipo alipoona ile sura, kwa sababu baba na mwana walifanana. Akavua kofia.

"Dancan tulimwacha kwenye theluji, baba. Hatukuweza kumrudia."

"Anasema nini?" Mbuthia akauliza. Hakujua Kirusi hata neno, yeye na mgeni wake walisaidiana na Kiingereza cha kubahatisha. "Anasema nini huyo?"

Nikawageukia wenzangu, nikawaambia kwa Kiswahili, yote. Kwamba hakuna stoo. Kwamba kundi la kwanza lilipelekwa vitani, na Dancan na Muli hawarudi.

Mbuthia akacheka. "Huyu mrembo ana wivu, kundi lake limechelewa. Wiki chache za darasa na ashakuwa mkalimani? Kuleni pilau."

Na mjue, walianza kula. Nilitaka kulia. Nikamshika Wabwire mkono.

"Siz, usinifanyie hivi," akasema chini chini. "Nimeshaaga watu."

"Wabwire, tafadhali. Mimi sina ndugu mwingine."

Akaniangalia. Kisha akanyanyuka, akaenda kwenye kona, akabeba kreti tupu ya soda, akaiweka begani. Akasimama mbele ya Gennadi, akajipiga kifua na mkono mwingine. Neno moja tu la Kirusi lilikuwa limemkaa kichwani wiki zote hizo, la kazi.

"Rabota?" akauliza.

Gennadi hakuelewa kwanza. Halafu akatikisa kichwa. Akaichukua ile kreti kwa upole, akaiweka chini. Akanyanyua mikono yake miwili, akafumba jicho moja, akakunja kidole cha kuvuta risasi.

Kisha akaweka kiganja mgongoni mwa ndugu yangu, akamshusha, akamshusha, mpaka lile jitu la mtu likawa limelala kifudifudi kwenye sakafu. Akambonyeza kichwa kiwe chini zaidi, kama mtu anayemfundisha mwanawe kitu cha kumwokoa.

Hakuna aliyehitaji tafsiri.

Gennadi akamgeukia Mbuthia. "Ulisema wanajua," akamwambia kwa Kiingereza. "Ulisema wamekubali."

Mwalimu alikuwa bado ameshika simu. Sikumuona akibonyeza. Alipiga namba ya mwanawe, ile ile ya meseji, iliyokuwa haipokelewi kamwe, akaiweka sikioni.

Simu ikalia ndani ya chumba.

Ilikuwa ikilia ndani ya begi la Mbuthia. Hakuna aliyesogea. Baadaye kijana mmoja akatuambia kundi la kwanza liliachia Mbuthia simu zao uwanja wa ndege, eti watapewa za huko. Kumbe meseji alikuwa akiziandika yeye. Mzee hakukata. Aliacha ilie mpaka mwisho, akapiga tena.

Mbuthia akachukua begi, akatoka. Mpaka leo sijui kwa nini hatukumshika. Nadhani tulikuwa tunausikiliza ule mlio.

Jumatatu Wabwire hakwenda. Lakini watatu walienda. Mmoja aliniambia kwa uso mkavu, "Si wote wanakufa." Tiketi walikuwa nazo tayari, na wao pia walikuwa wameshaagwa makwao. Sijawasikia tena.

Wabwire alikaa ndani wiki nzima akiogopa kuonekana na watu wa kanisa. Sasa amerudi kuchomelea. Hatuongei sana juu ya siku ile.

Mwalimu alinipigia mwezi uliofuata. Alikuwa anaenda kwao Siaya kumzika Dancan, na Wajaluo, mwili usipopatikana, wanazika tunda la yago, lile refu la mti wa porini. Lakini wazee wa ukoo walikataa kuchimba kaburi la mtu ambaye meseji zake zilikuwa zikiingia mpaka mwezi uliopita. Walitaka aliyesikia kwa masikio yake, na asiwe baba wa marehemu.

Nikaenda. Nikasimama mbele ya watu nisiowajua, nikasema nilichosikia. Wazee wakaulizana, wakakubali. Tunda lilikuwa limelazwa kwenye jeneza, limefungwa shuka nyeupe.

Wakati wa kuondoka, mama yake Dancan akanivuta pembeni ya jikoni. Mama mdogo wa mwili, kitambaa kichwani. Hakulia.

"Wewe ndiye uliongea na huyo mzungu kwa lugha yake," akasema. "Alikwambia kama walimfunika?"

Maneno ya kumuuliza Gennadi hilo nilikuwa nayo yote. Theluji, baridi, blanketi, shuka. Nilifundishwa na mumewe. Siku ile sikuyafikiria kabisa.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Walimfunika vizuri."

Akanishika mkono kwa muda, akarudi kwa wageni.

Wewe unayesoma hii, pengine uko darasa kama letu, Kirusi ama lugha nyingine yoyote, na umeambiwa kazi ni nzuri. Jifunze. Lugha haina makosa. Lakini jifunze mpaka wanavyokaa, wanavyokula na wanavyolia wafu wao, na usikubali mtu akuharakishe. Na kama umeshaagwa na kanisa na kijiji, na roho yako inakataa, rudi nyumbani ukiwa na hiyo aibu. Mama yako ataipokea.